TAHARIRI: DAWA YA KICHOCHO ISIISHIE MLANGONI MWA SHULE



Alikuwako ndugu yetu mmoja, mwanachama wa upande huu wa Garsen. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya watu wake. Alizaliwa kando ya Mto Tana. Alipokuwa mtoto alicheza majini, alipokuwa kijana alivua kambare, na alipokuwa mtu mzima alipata kibarua cha kupanda mpunga na kuzibua mifereji. Tangu udogo wake alikuwa akikojoa damu. Wazee walimwambia si kitu, kila mvulana wa mtoni hupitia hayo, ni dalili ya kukua. Alipokwisha kuoa, damu ikarudi pamoja na maumivu. Akaenda kutafuta dawa, akaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, akapigwa sindano. Akaona haya mbele ya mkewe, akanyamaza.

Miaka ikapita. Siku moja mkojo ukamziba kabisa. Hapo ndipo alipopandishwa basi kwenda Malindi, na kutoka Malindi kwenda Mombasa, na huko daktari akamtia mpira wenye taa katika njia ya mkojo, akaona uvimbe ndani ya kibofu. Ilikuwa saratani, ile ambayo wengi wetu twaiita kansa, nayo ilikuwa imekwisha kuenea. Ng'ombe wakauzwa, michango ikapitishwa kazini, na mwisho wake ndugu yetu akarudi nyumbani kuzikwa.

Hatukuanza na habari hii ili kuwatia watu huzuni. Tumeanza nayo kwa sababu saratani ya namna hii ina chanzo kinachojulikana, na chanzo hicho kina dawa ya vidonge. Tena vidonge hivyo vilipita mbele ya nyumba yake vikienda shuleni kwa watoto wake, na yeye hakupewa hata kimoja. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulisema leo.

KICHOCHO NI NINI?

Kichocho, au bilhazia, ni ugonjwa wa minyoo midogo ikaayo katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mnyoo jike hutaga mayai kila siku. Mengine hutoka pamoja na mkojo, na mengine hunasa katika ukuta wa kibofu. Mtu akikojoa mtoni au mferejini, mayai huanguliwa majini, na kidudu kinachotoka humtafuta konokono mdogo wa maji yasiyo na chumvi, kikaingia ndani yake. Baada ya wiki chache konokono huyo hutoa vidudu vingi sana vyenye mkia, visivyoonekana kwa macho, navyo humpenya ngozi mtu yeyote aliyetia mguu au mkono majini. Si lazima ayanywe maji. Kusimama tu kwatosha. Tena vidudu hivyo hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, jua likiwa kali, saa ambayo mfanyakazi wa mpunga yumo matopeni na mama yuko mtoni akifua nguo.

Mambo haya si mageni kwa wataalamu. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alimwona mnyoo huyu mjini Cairo mwaka 1851, na jina la bilhazia latokana na jina lake. Mwaka 1911, huko huko Cairo, daktari Ferguson aliandika kwamba kichocho na saratani ya kibofu huonekana pamoja. Mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha kazi ya konokono katika ugonjwa huu. Na mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimtia mnyoo huyu katika daraja la kwanza, yaani orodha ya vitu ambavyo hapana shaka huleta saratani kwa binadamu. Katika orodha hiyo mna moshi wa tumbaku na mna asbesto. Basi mnyoo wa maji yetu ameketi katika safu moja na asbesto, ambayo wafanyakazi wa nchi nyingi wamepigana miaka mingi iondolewe viwandani.

Tusitishane bure. Si kila mwenye kichocho atapata saratani. Walio wengi hawapati. Lakini mayai yanaponasa katika kibofu huleta kidonda, kidonda hupona kikaacha kovu, mayai mapya huleta kidonda kingine juu ya kovu, na mambo huenda hivyo miaka ishirini au thelathini ikiwa mtu hakutibiwa. Katika nyama iliyoumizwa hivyo ndimo saratani huota. Kwa hiyo katika nchi za kichocho saratani ya kibofu huwashika watu wangali na nguvu za kazi, wenye miaka arobaini na hamsini, wakati watoto wao wanahitaji karo.

Na akina mama wana taabu yao ya peke yao. Mayai hunasa pia katika sehemu za uzazi, yakaleta maumivu, damu, na hata utasa. Yakisiwa kwamba katika Afrika wako wanawake wapatao milioni 56 wenye taabu hiyo. Wengi wao huambiwa ni ugonjwa wa zinaa, kama alivyoambiwa yule ndugu yetu, na nyumba nyingi zimevunjika kwa tuhuma isiyo na msingi.

MAJI YA HOLA

Wapo watakaosema kwamba kichocho ni jambo la mtu na mto wake, na Chama hakihusiki. Twawajibu kwamba katika nchi hii ya Tana kichocho kimefuata kazi, nyayo kwa nyayo.

Wazee wanakumbuka mifereji ya Hola ilivyoanza. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwaleta wafungwa wa kizuizini kuchimba mifereji na kulima. Tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliuawa kwa kipigo kwa sababu ya kukataa kazi ile ya kulazimishwa. Tangazo la kwanza la serikali halikusema kipigo. Lilisema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uongo huo haukukaa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha, na dunia nzima ikajua.

Wale watu hawakuuawa na maji. Lakini mifereji ilibaki, na maji yake yakapata konokono. Watoto wa Hola walipopimwa katika miaka iliyofuata, zaidi ya nusu yao walionekana wana kichocho. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaanza mradi wa Bura. Huku kwetu Delta ukaja mradi wa mpunga wa TARDA, ambao mafuriko ya 1997 na 1998 yaliuvunja. Na kando ya miradi hiyo wako wakulima wa mpunga wa vijijini, wavuvi wa maziwa, wachota maji na wachunga ng'ombe wanaoshuka mtoni wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 2010 watafiti waliopima mkojo wa watoto wa vijiji vya Delta walikuta kichocho kimeenea mno.

Chama hakipingi mifereji. Mifereji yaleta chakula na mshahara, na bila kazi hiyo wengi wetu tungekuwa tumehamia Mombasa kutafuta mizigo ya kubeba. Tunachopinga ni hesabu isiyo kamili. Mhandisi akipiga hesabu ya pampu na saruji, asipige hesabu ya choo na maji safi ya wafanyakazi, hesabu ile haikupungua hata senti moja. Imehamishwa tu, na mlipaji ni mfanyakazi. Siku zile walisingizia maji kuficha kipigo. Siku hizi maji yatuumiza kweli, polepole, na hakuna tangazo linalotolewa.

DAWA IPO, LAKINI NI YA NANI?

Dawa ya kichocho yaitwa prazikwanteli. Ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Ni vidonge vya kumeza siku moja, na idadi yake hupimwa kwa uzito wa mtu au kwa urefu wake akisimamishwa kando ya mti wa kupimia. Mtu amezapo baada ya chakula, huenda akasikia tumbo na kizunguzungu saa chache, kisha yakaisha. Dawa hii huua minyoo mikubwa, lakini haimkingi mtu na minyoo mipya. Kwa hiyo anayerudi majini kila siku apaswa kumeza tena kila mwaka.

Je, vidonge vyaweza kweli kupunguza saratani? Tutazame Misri, nchi ya mto na mifereji kama yetu. Karibu na mwaka 1980, katika hospitali kuu ya saratani ya Cairo, zaidi ya robo ya wagonjwa wote wa saratani walikuwa na saratani ya kibofu. Misri ilipambana na kichocho miaka mingi, na kufikia mwaka 2005 hivi fungu hilo lilikuwa limeshuka hadi karibu mgonjwa mmoja katika wanane. Hayo ni matunda makubwa. Lakini Misri yatufundisha jambo la pili pia. Kabla ya vidonge, dawa yao ilikuwa sindano, na sindano zile hazikuchemshwa sawasawa, zikaeneza ugonjwa wa ini kwa watu wengi mno. Basi kwa dawa yoyote tuitakayo, tutake pia usafi na uangalizi. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza anachopewa ni nini, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Kwa miaka mingi dawa hii imetolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kwa njia ya Shirika la Afya Duniani, na imekusudiwa hasa watoto wa shule. Hapa Kenya serikali imekuwa na mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo mashuleni tangu 2012. Twaushukuru mpango huo, na walimu wanaousimamia. Watoto wetu ni wetu, na hakuna mwanachama atakayetaka wanyimwe.

Lakini konokono hapumziki baada ya kengele ya shule. Baba akimeza kichocho chake kimya kimya na kukojoa mferejini, mtoto aliyetibiwa Jumatatu ataambukizwa tena Jumamosi. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: mahali ambapo kichocho kimewashika watu kumi au zaidi katika kila mia, dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu tangu umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwamo, na hata mama mjamzito aliyekwisha kupita miezi mitatu ya kwanza. Huu si uzushi wa Chama. Ni mwongozo wa madaktari wa dunia.

Tena utafiti umepiga hatua nyingine. Watoto wadogo sana hawakuweza kumeza vidonge vikubwa na vichungu. Basi ikatengenezwa dawa yao inayoyeyuka majini, ikajaribiwa kwa watoto wa Kenya na wa Kodivaa, na Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakaikubali kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Watoto wa Kenya ndio waliopimwa, na mama zao ndio waliowabeba mgongoni kwenda kliniki. Twasema wazi: nchi iliyotoa watoto wake kwa utafiti haifai kusimama nyuma kabisa katika foleni ya dawa.

Mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 duniani walihitaji dawa ya kichocho, na waliopata hawakufika milioni 80. Kila mwanachama anayesoma karatasi hii na ajiulize swali moja: Mimi nilimeza lini? Kama jibu ni siku zile nilipokuwa darasa la nne, au kama jibu ni kamwe, basi swali hilo ulilete katika mkutano wa tawi.

SAFARI YA MGONJWA

Wengine watasema, mtu akipata saratani si ataenda hospitali? Tuitazame safari yenyewe.

Kwa makisio ya shirika lile la utafiti, mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani 44,726, na waliokufa walikuwa 29,317. Hesabu hizo zatokana na daftari za sehemu chache za nchi, kama Nairobi na Eldoret. Anayekufa nyumbani kwake nyuma ya Idsowe au ndani ya Ozi, bila kupimwa, hayumo katika daftari lolote. Na asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Sheria ya kuzuia saratani ilipitishwa mwaka 2012. Kwa miaka mingi mgonjwa asiye na fedha alitibiwa kwa mionzi mahali pamoja tu, Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Katika miaka ya karibuni vituo vimejengwa Mombasa, Nakuru na Garissa, nayo ni hatua njema tusiyoidharau. Lakini kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Matibabu ya mionzi si ya siku moja. Ni kila siku kwa muda wa wiki kadhaa. Mgonjwa atalala wapi? Atakula nini? Nani atamlipa kibarua mshahara wa siku ambazo hakufika shambani? Na mto ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara hukatika, na mtu mwenye uvimbe hungoja mashua pamoja na magunia ya unga.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 bima ya zamani imepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupangiwa kiasi chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mpango huo ulipoanza, saratani ilitengewa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa kila kaya, na 150,000 za ziada zikiisha zile. Ni msaada. Lakini haulipi basi, haulipi chumba cha kupanga, wala haumsaidii kibarua ambaye hakuandikishwa. Na wako matajiri wanaokata fedha katika mshahara na kuchelewa kuzipeleka, na mfanyakazi hupata habari hiyo akiwa amekwisha kulala kitandani.

Kwa hiyo, ndugu, saratani ya kibofu iliyokwisha kukomaa ni vita vigumu kwa mtu wa Garsen. Vita vilivyo rahisi ni vya mwanzo: vidonge, choo, maji ya bomba, na kupimwa mkojo mapema. Hapo ndipo nguvu za Chama zaweza kufanya kazi.

CHAMA CHATAKA NINI?

Wako wanaocheka wakisema kazi ya Chama ni mshahara, si mkojo. Twawakumbusha kwamba marehemu Ndugu Tom Mboya, kabla dunia haijamjua, alikuwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na akaanza uongozi wake wa wafanyakazi kati ya wenziwe wa kazi ile. Aliyekagua vyoo ndiye aliyekuja kukaa mezani na matajiri. Hakuona aibu yoyote katika jambo hilo, na sisi tusione.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na twawaomba matawi yayajadili na kuyatia nguvu.

Kwanza, dawa ya kichocho itolewe kila mwaka kwa watu wazima wa nchi ya mto, sawasawa na mwongozo wa 2022. Kwa wafanyakazi itolewe mahali pa kazi, wakati wa kazi, bila kukatwa mshahara, nao vibarua wa msimu wasiachwe nje, maana ndio wakaao majini zaidi.

Pili, kila mwajiri wa kazi ya majini aweke vyoo karibu na mashamba, na maji safi ya kunywa na ya kunawa. Hili si ombi la huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yadai vyoo na maji ya kunywa. Sheria hiyo hiyo yasema penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Twauliza kila tawi: kamati yenu ina nani, na ilikutana lini? Viatu vya mpira navyo vitolewe kwa wazibua mifereji kama vile jembe linavyotolewa.

Tatu, zahanati zetu ziwe na vijiti vya kupimia damu katika mkojo, na hadubini inayofanya kazi. Mtu mzima akija na damu katika mkojo asipigwe sindano ya zinaa kwa kukisia. Apimwe. Akitibiwa kichocho na damu isikome, apelekwe upesi akapigwe picha na kutazamwa kibofu, kabla mkojo haujaziba.

Nne, mwajiri apeleke makato ya afya kwa wakati, na aonyeshe risiti kwa wawakilishi wa Chama. Vibarua waandikishwe. Na serikali ya kaunti ifikirie nauli na mahali pa kulala kwa mgonjwa wa saratani anayetoka mbali, kwa sababu dawa iliyo Mombasa si dawa kwa mtu asiyeweza kufika Mombasa.

Tano, watafiti wakija wapokewe vyema, lakini na wao warudi. Aliyechukua mkojo wa watoto wetu kwa chupa, arudi barazani atuambie alikuta nini, na nini kifanyike. Na wagonjwa wa saratani wa kaunti hii waandikwe katika daftari, hata walio mbali na barabara.

NA SISI WENYEWE

Chama kisichojisema chenyewe si chama. Tajiri hakuja usiku kukojoa mferejini, ni sisi. Kila mmoja anayekojoa majini humtia mwenzake minyoo, na pengine mwanawe mwenyewe. Basi tuanze hapo. Wenye mashamba madogo ya vijijini, tuchimbe vyoo kwa zamu kama tunavyolimiana mashamba kwa zamu.

Maji ya kuoga yakitekwa mtoni na kuwekwa ndani ya pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili, vidudu hufa. Yakichemshwa hufa pia. Kama kazi yaruhusu, tuingie majini asubuhi mapema kuliko adhuhuri. Na siku ya kwenda kupimwa, mkojo unaofaa ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa maana huo ndio wenye mayai mengi.

Zaidi ya yote, tuache haya. Kijana akikojoa damu si kukua, ni ugonjwa. Mke akiumwa si uzinzi, apimwe kwanza. Wazee wenye umri wa miaka arobaini na zaidi waliokulia mtoni, mkiona damu tena, msingoje mavuno yaishe. Na wavuta sigara wajue kwamba tumbaku nayo huleta saratani ya kibofu. Mwenye kichocho anayevuta amejitwika mizigo miwili.

Mnyoo huyu hamwulizi mtu kama ni Mpokomo au Muorma, Mwardei, Mbajuni au Mgiriama. Hamwulizi kama ni mkulima, mvuvi au mchungaji. Tumegombana sana huku Delta kwa ajili ya maji na malisho, na damu imemwagika tunayoijutia. Hili la maji salama ni jambo ambalo sote twaweza kulidai kwa sauti moja, maana twatia miguu katika mto mmoja.

Ndugu yetu tuliyemtaja mwanzo alichangiwa fedha nyingi na wenziwe wa kazi. Tulitoa kwa moyo, na tutatoa tena kwa wengine. Lakini itakuwa ajabu kubwa kama sisi ni hodari wa kuchanga jeneza na ni wavivu wa kudai vidonge. Mkutano ujao wa tawi, jambo la kwanza katika ajenda liwe hili. Kila mwanachama aje na jibu lake: alimeza lini, choo cha kazini kwake kiko wapi, na makato yake yamefika au hayakufika. Katibu aandike majibu yote, kwa hesabu kamili, na hesabu hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani mbele ya mwajiri na mbele ya afisa wa afya wa kaunti.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI